Kazimoto Hajui Kama Anapenda

Fasihi ya Kiswahili ina wahusika wengi walionyimwa mapenzi. Wako wayatima, wake walioachwa, mabinti waliozwa kwa wazee, vijana waliokataliwa kwa sababu ya umaskini. Hao tunawajua na tumewalilia. Lakini mhusika ambaye mapenzi yamemfikia, yamekaa naye chumba kimoja, na bado hajui ni kitu gani hicho, huyo alichelewa sana kuja kwetu. Alipokuja, mwaka 1974, alikuwa na jina la mtu anayefanya kazi kwa bidii: Kazimoto.

Nazungumzia *Kichwamaji*, riwaya ya pili ya Euphrase Kezilahabi. Wengi wanaikumbuka kwa kukata tamaa kwake, na wahakiki wakishafika hapo hutaja Ulaya, hasa Albert Camus na Jean-Paul Sartre, kisha mjadala unafungwa. Mimi nadhani ubaridi wa Kazimoto una ukoo wake hapa hapa nyumbani, na ni vizuri tuufuatilie kabla hatujapanda meli kwenda Ufaransa.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake utendi wa mawaidha. Siku hizi utendi huo unasomwa kwa hasira na baadhi yetu, kwa jinsi unavyomfundisha mke kumtii mume, na hasira hiyo ina haki yake. Ila angalia kitu kimoja. Katika utendi ule mapenzi ni mambo yanayofanywa: jinsi ya kumpokea mume, kumlisha, kumsindikiza, kumlaza, kunyamaza anapolala. Hakuna mahali binti anaambiwa ajichunguze moyoni aone kama anapenda. Swali hilo halipo kabisa. Ukitenda ipasavyo umependa, na adabu ndiyo ushahidi.

Karibu miaka mia baadaye anakuja Shaaban Robert. *Adili na Nduguze* ilitoka mwaka 1952, na nadhani kila aliyepita sekondari anakikumbuka kisa cha wale nyani wawili. Adili, liwali wa mji, anawapiga nyani wake kila usiku, halafu anawabembeleza huku akitokwa na machozi. Nyani wale ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini yeye na mchumba wake Mwelekevu. Amri ya kuwapiga imetoka kwa jini. Ni mandhari ya ajabu, na ukiondoa maajabu yake unabaki na mtu anayempiga ampendaye huku akijua wazi kabisa kwamba anampenda. Mkono unafanya hili, moyo unasema lile, na Adili hachanganyi hata mara moja. Ataweza vipi kuchanganya na jina lenyewe ni Adili? Wahusika wa Shaaban Robert wanatembea na majina yao kama vitambulisho. Mwivu anaona wivu, Mwelekevu anaelewa, Utubora ana utu bora. Hisia haziwasumbui kwa sababu zimeshapewa anwani.

Sasa shika fimbo ile ile, itoe kwa Adili, mpe Zakaria wa Namagondo.

*Rosa Mistika* ilichapishwa mwaka 1971. Kezilahabi alikuwa na miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Ukerewe, amepita seminari ya Nyegezi, amemaliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka mmoja tu uliopita. Zakaria ni baba mlevi mwenye mabinti wengi. Rosa, binti mkubwa, anapata barua kutoka kwa kijana anayeitwa Charles. Baba anaijua, anampiga binti yake kipigo cha kuumiza. Tangu siku hiyo Rosa anawaogopa wanaume, mpaka anakwenda shule ya bweni na wenzake wanamcheka kwa woga wake. Woga huo unapovunjika, unavunjika vibaya. Anapita mikononi mwa wanaume ambao wengine ni watu wenye madaraka juu yake. Charles anaporudi kutaka kumwoa, anagundua kwamba Rosa si bikira tena, anamwacha, na Rosa anajiua.

Riwaya hiyo ilipigwa marufuku mashuleni Tanzania. Sababu iliyotajwa sana ni maadili: inaeleza mambo ya ngono waziwazi mno. Sawa. Lakini mimi kila nikiirudia naona kinachotisha zaidi mle ndani ni baba. Zakaria anaamini amempenda binti yake. Amemlinda, si ndiyo? Amemchunga, amemchapa kwa faida yake. Angeulizwa angejibu kama wazazi wengi wa kizazi kile walivyojibu, na wengi wa kizazi hiki wanavyojibu bado. Adili alikuwa na jini la kumwamrisha na machozi ya kumshuhudia. Zakaria hana jini wala machozi, ana mazoea tu. Mwishoni Kezilahabi anawapeleka baba na binti mbele ya Mungu, kana kwamba hakuna baraza la duniani lenye uwezo wa kuwasuluhisha wawili hawa. Kitabu kama hicho ukikiweka kwenye mtaala, darasa zima litakwenda nyumbani likiwa na swali la kumuuliza baba.

Hapa lazima niseme neno juu ya neno. Kiswahili kinasema *napenda wali*, kinasema *nampenda mama*, kinasema *ukipenda, kaa*. Kitenzi kimoja kinabeba ulaji, uzazi na hiari. *Mapenzi* nayo, ukiingia kanisani, yana maana ya matakwa: mapenzi ya Mungu ni kile Mungu anachotaka kitokee. Sisemi lugha yetu ni maskini, maana tuna huba, mahaba, ashiki, nyonda, na washairi wa Mombasa na Lamu waliyatumia yote bila kubana. Nasema tu kwamba katika maneno ya kila siku kupenda na kutaka ni majirani wanaochota maji kisima kimoja. Baba akisema “haya ni mapenzi yangu,” anaweza kuwa anabembeleza au anaamuru. Zakaria aliishi katika utata huo bila kuujua. Kazimoto aliujua, na ukamwua.

Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu, na yeye mwenyewe ndiye anayetusimulia sehemu kubwa ya kitabu. Tunakutana naye akiwa amekaa nje ya ofisi ya Mkuu wa Wilaya, akisubiri. Mkuu huyo ni Manase, rafiki yake wa utotoni, na Manase anamfanya asubiri. Ukiwa Mtanzania huhitaji kuelezwa zaidi kiti kile cha kusubiria kina uzito gani. Anaporudi kijijini anakuta dada yake Rukia ana mimba, na mwenye mimba ni Manase huyo huyo. Rukia anakufa. Mama naye anakufa. Kazimoto anaamua kulipiza kisasi, na silaha anayoichagua ni Sabina, dada yake Manase. Umemchezea wangu, nami nitamchezea wako.

Basi anaanza kumsogelea Sabina kwa mpango. Anamwendea, anazungumza naye, anamsoma. Na polepole, bila tangazo, mpango unapinda. Anajikuta anamfikiria pale asipopaswa kumfikiria, chuki inakosa nguvu. Mwisho wanaoana.

Mwandishi mwingine angesema: tazama, mapenzi yameshinda kisasi. Kezilahabi hatupi raha hiyo. Kazimoto anajitazama akipenda kama mtu anayemtazama mwingine kupitia dirishani. Alianza kwa kuigiza mapenzi, na aliyeigiza anajuaje ni lini aliacha kuigiza? Maneno ya kutongoza ni yale yale. Tabasamu ni lile lile. Kwa kipimo cha Mwana Kupona, yaani vitendo, Kazimoto wa kisasi na Kazimoto wa mapenzi ni mtu mmoja, huwezi kuwatenganisha. Kwa kipimo cha Shaaban Robert, jina lake halimsaidii kitu. Amebaki na kichwa chake tu, na kichwa hicho jina la kitabu limeshatuambia kimejaa nini.

Wanaomleta Meursault wa Camus, yule wa *L'Étranger* ya mwaka 1942, wana hoja. Naye aliulizwa na mwanamke kama anampenda, akajibu kwamba swali halina maana na pengine hampendi. Ila msikilize vizuri: Meursault halisumbuliwi na swali lile. Anajibu kama mtu aliyeulizwa saa. Kazimoto linamla. Meursault mama yake alikuwa kwenye nyumba ya wazee, mbali naye. Kazimoto ana mama anayekufa kwa huzuni ya nyumba yake, baba, mdogo wake, kijiji kizima kinachomtazama msomi wao kana kwamba amerudi na jibu. Hawezi kuwa mgeni duniani hata akitaka, maana kila njia anayopita kuna shangazi. Upweke wake ni wa mtu aliye katikati ya watu wake, na wanamwita jina lake.

Upweke huo ulitengenezwa. Kijana wa Ukerewe wa kizazi cha Kezilahabi alikua na Kikerewe nyumbani, akapokea Kiswahili shuleni, akamalizia na Kiingereza. Aliondoka kwao mdogo, akalala mabweni miaka na miaka, akiishi kwa kengele. Likizo akirudi anapewa kuku na heshima. Nani alimfundisha kumwambia mama yake kwamba anamhofia? Kwa lugha ipi? Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Nyerere akawarudisha makwao zaidi ya mia tatu. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Msomi aliambiwa yeye ni deni la taifa, kijiji kimejinyima ili yeye ale, naye arudi akalipe. Hoja yenyewe ina ukweli wake, sina ugomvi nayo. Ila kijana anayeambiwa kila siku kwamba anadaiwa, taratibu atamtazama hata mama yake kama mdai. Nadhani Kezilahabi aliliona hilo mapema kuliko wanasiasa. Manase amelimaliza deni kwa kukaa kwenye kiti cha ofisini na kujisahau. Kazimoto hawezi kujisahau, na ndiyo maana hawezi pia kujitoa.

Kuna kitu kinanisumbua katika riwaya hii, na miaka haijakipunguza. Rukia alimpenda Manase? Kitabu hakikai sana na swali hilo. Mimba yake inakuwa ugomvi kati ya wanaume wawili, kifo chake kinakuwa sababu ya mpango wa kaka yake. Na Sabina, aliyefuatwa kwa kisasi, tunamwona kupitia macho ya yule yule anayekiri kwamba macho yake hayaoni vizuri. Kezilahabi aliyeandika *Rosa Mistika* alijua kukaa ndani ya ngozi ya msichana. Katika *Kichwamaji* ametufungia ndani ya fuvu la mwanamume mmoja, na wanawake wanalipa kodi ya nyumba hiyo. Unaweza kusema alifanya makusudi, ili tuhisi jinsi mtu asiyeelewa hisia zake anavyowageuza wengine kuwa vyombo. Naikubali hoja hiyo nusu. Nusu nyingine bado namdai mwandishi.

Riwaya iliyofuata, *Dunia Uwanja wa Fujo* ya mwaka 1975, inampa Tumaini fedha na wanawake na mwisho kitanzi, lakini hapo siasa imeshika usukani na moyo umekaa kiti cha nyuma. Alipofika kwenye *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991), wahusika wameshaacha hata kuwa watu wa kijiji fulani. Wanatembea katika maswali. Kwa hiyo ukitaka kumwona mtu wa kawaida, mwenye kwao, mwenye mke, akihangaika na swali la kama anapenda, ni *Kichwamaji*.

Mwisho wa Kazimoto unajulikana. Manase na mkewe Salima wanapata mtoto mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi, na chanzo chake ni maradhi ya zinaa. Uzazi wa Sabina nao unaishia katika msiba, na Kazimoto anajiua. Wengi wanausoma mwisho huu kama falsafa: maisha hayana maana, basi. Mimi naona pia jambo dogo la nyumbani. Mtu aliyeshindwa kusema kama anampenda mkewe, siku ambayo mkewe anamhitaji kuliko siku zote, anafuata kichwa chake mpaka mwisho na kumwacha chumbani peke yake.

Kezilahabi, aliyewahi kufundisha Botswana, alifariki Januari 2020. *Rosa Mistika* ilishachapwa tena zamani, na wanaoisoma leo wengine ni wajukuu wa wale waliozuiwa kuisoma. *Kichwamaji* inapatikana kwa kuitafuta. Ukiipata, isome taratibu pale Kazimoto anapoanza kumzoea Sabina, uone kama wewe utaweza kuonyesha kwa kidole sentensi ambayo kisasi kinakoma. Mimi nimejaribu mara tatu, na kila mara kidole kinaangukia ukurasa tofauti.