Bagamoyo, Mwisho wa Njia Iliyopita Kwetu

Ndugu Mhariri aliniomba niandike jambo la historia kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu, na nadhani alitegemea niandike juu ya Dodoma. Nitaandika juu ya Bagamoyo. Naomba wenzangu mnivumilie, kwani mwishoni mtaona kuwa habari yenyewe ni ya kwetu.

Nilipelekwa huko na ofisi kwa semina ya siku nne. Bagamoyo iko kiasi cha kilometa 70 kaskazini ya Dar es Salaam, na siku hizi ni mji wa mapumziko. Hoteli zimejipanga ufukweni, jua ni kali lakini upepo wa bahari hauachi kuvuma, na wageni kutoka Ulaya hujianika mchangani kama mijusi juu ya majabali ya Ugogo. Jioni ya kwanza tulishuka kwenye soko la samaki. Ngalawa zilikuwa zimeingia, mnada umepamba moto, na wakaangaji wameinamia makarai yao ya pweza na changu. Mwenzangu mmoja, mtu wa Pwani, aliniona nimeduwaa akacheka. "Ninyi watu wa bara," aliniuliza, "mlikuwa na kazi gani huku zaidi ya kubeba mizigo?" Nilicheka naye, lakini swali lile lilinikaa moyoni.

Nilimkumbuka mwalimu wetu wa historia alivyochora ubaoni mstari mmoja kutoka Ujiji, kupitia Tabora, Kilimatinde na Mpwapwa, hadi Bagamoyo. Tuliukariri kwa ajili ya mtihani, kisha tukausahau. Haikutupitia akilini kwamba mstari ule ulikatiza mashamba ya babu zetu.

Hapo mwanzo Bagamoyo kilikuwa kijiji cha wavuvi na wachemsha chumvi. Mji wa zamani zaidi ulikuwa Kaole, mwendo wa kilometa 5 hivi kuelekea kusini, ambako magofu ya misikiti na makaburi ya kale yangali yamesimama. Katika karne ya 19 biashara ya pembe za ndovu ilikua sana, na kwa kuwa kijiji kile kilitazamana na Unguja, kikageuka kuwa bandari. Burton na Speke walianza safari yao Kaole mwaka 1857. Stanley aliondokea Bagamoyo mwaka 1871, na tena mwaka 1874. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, wakaweka kijiji cha watumwa waliokombolewa. Ni kwao ambako maiti ya Livingstone ililazwa Februari 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuibeba kwa miguu kutoka nchi ambayo sasa ni Zambia.

Wenyeji wanaotembeza wageni husema jina la mji latokana na "bwaga moyo", yaani mtumwa aliuacha moyo wake hapo kabla ya kupakiwa chomboni. Wengine husema ni neno la mpagazi aliyetua mzigo baada ya miezi mitatu au zaidi ya njia, akapumua. Yote mawili yawezekana kusemwa, kwa maana watumwa walipita hapo kweli. Lakini bandari kubwa zaidi ya watumwa ilikuwa Kilwa, na utajiri wa Bagamoyo ulitokana hasa na pembe zilizoletwa mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi.

Sasa sisi je? Ugogo ulikaa katikati ya nyika mbili zilizoogopwa, Marenga Mkali upande wa mashariki na Mgunda Mkali upande wa magharibi. Msafara ulioingia kwetu uliingia na kiu. Visima vilikuwa vya watemi, na hakuna aliyechota bila kulipa hongo ya nguo, shanga au waya. Wasafiri wa Kizungu walijaza vitabu vyao kwa manung'uniko juu ya hongo ya Wagogo. Hilo ndilo jibu nililompa mwenzangu siku ya pili: babu zetu hawakuwa wabeba mizigo tu, walikuwa wenye njia, na bila maji yao pembe zisingeona bahari.

Nilijivuna kwa muda mfupi. Siku ya tatu tulitembelea makumbusho ya misheni, nikaiona minyororo. Aliyepita na pembe alilipa hongo, na aliyepita na watu waliofungwa alilipa vilevile, naye akapewa maji. Tukidai sehemu yetu katika historia ile, hatuna budi kuichukua yote, pamoja na hiyo.

Lipo jambo jingine lililonigusa, hasa mimi mtumishi wa serikali. Bagamoyo ulikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi yalipohamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891. Kisha ukaanza ujenzi wa reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, na biashara ya misafara ikafa. Reli iliyoirudisha Bagamoyo kwenye uvuvi ndiyo iliyouzaa mji wetu, na mji huo ukachaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973. Anayedhani cheo cha mji hudumu milele na aende Bagamoyo akaulize. Lakini pia na aende kule sokoni alfajiri: makao makuu yalihama, misafara ikaisha, wavuvi wangali wakiingia na samaki.

Mwaka 2006 serikali yetu iliiweka njia ile katika orodha ya awali ya kuombewa Urithi wa Dunia, nazo Mpwapwa na Kilimatinde zimetajwa humo pamoja na Bagamoyo. Wageni huvuka bahari kuja kutazama mwisho wa njia. Sisi tuliolala miaka minne bwenini karibu na katikati yake hatujaenda kuitazama. Kwa hiyo napendekeza kwamba katika mkutano ujao, baada ya hotuba na kabla ya pilau, tukodi basi twende Mpwapwa, tukiwa na watoto wetu. Maji ya kunywa kila mtu achukue yake, maana hongo siku hizi hatuna wa kumlipa.