UZI: Mbolea ni sawa, lakini pesa inashikwa na nani?

1/ Kila msimu wa siasa huku Birongo tunaahidiwa mbolea ya bei nafuu, mbegu mpya, miche ya bure. Tunapiga makofi. Mimi nauliza swali la historia: mambo mapya ya kilimo yaliyokuja Gusii yaliweka nini kwenye sahani ya mama?

2/ Enzi za nyanya zetu, kila mke alikuwa na shamba lake la kulima na ghala lake la wimbi. Ardhi ilikuwa ya ukoo, sawa, lakini yeye ndiye alipima cha kupika. Pembeni kulikuwa na chinsaga na managu. Madini ya chuma na kalsiamu, bila kwenda duka.

3/ Miaka ya 1930, Kisii ilikuwa kati ya sehemu za kwanza Kenya ambako Mwafrika aliruhusiwa kupanda kahawa. 1954 ukaja Mpango wa Swynnerton: hati za ardhi na mazao ya kuuza. Hati nyingi zikaandikwa jina la mwanamume. 1964 KTDA ikaanza, na mahindi chotara ya Kitale yakazidi kusambaa. Wimbi likasukumwa kando.

4/ Sisemi chai ni mbaya. Imesomesha wengi. Lakini nani huchuma? Mara nyingi ni mama. Namba ya kiwandani ni ya nani? Mara nyingi ni ya baba. Bonasi huja mara moja kwa mwaka, sufuria ni ya kila jioni.

5/ "Si ugali upo?" Ugali hushibisha, lakini mama mjamzito anahitaji chuma zaidi. Akikosa, anaishiwa damu, na kujifungua kunakuwa hatari. Prof. Mary Abukutsa-Onyango wa JKUAT ametumia miaka mingi kutafiti mboga hizi za kienyeji tulizoziita chakula cha maskini.

6/ Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inatupa haki ya chakula. Cha 60 kinataka ubaguzi wa kijinsia kwenye ardhi uondolewe. Na kilimo kilipelekwa kaunti, kwa hivyo msikubali mtu wa kaunti awaambie "hiyo ni ya Nairobi".

7/ Basi mgombea akifika sokoni na ahadi, muulizeni: itasajiliwa jina la nani? Malipo yataingia simu ya nani? Itampunguzia mama kazi au itamwongezea?

Kwenu namba ya chai iko jina la nani? Semeni hapa chini, bila matusi.