Mtumbwi Ulioshonwa na Mashua ya Waviking

Mwisenge ya Musoma ikitajwa, wengi hukumbuka shule ya msingi ambako mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, Julius Nyerere, aliandikishwa mwaka 1934. Kumbukumbu hiyo ni ya haki. Lakini Mwisenge iko ukingoni mwa Ziwa Victoria, na historia ya maji hayo haina umaarufu wowote. Kijana wa Musoma aliyecheza Assassin's Creed Valhalla, mchezo wa video uliotolewa na Ubisoft mwaka 2020, anaweza kueleza jinsi mashua ndefu ilivyotoka Norway mwaka 873 na kupanda mito ya Uingereza. Lakini mitumbwi iliyopita mbele ya Mwisenge miaka 150 iliyopita, yeye haijui. Simlaumu, kwa kuwa hakuna aliyemsimulia. Ninachohofia ni kwamba siku tutakapoamua kumsimulia, tutarudia kosa lililofanywa kwa Waviking: kuichukua siku ya uvamizi na kuifanya ndiyo historia nzima ya mabaharia.

Kosa hilo lina chanzo. Mwaka 793 watu wa kaskazini walivamia monasteri ya Lindisfarne huko Uingereza, na walioporwa walikuwa watawa, watu waliojua kuandika. Mvuvi wa Norway aliyekausha samaki wake msimu mzima bila kumgusa mtu hakuandikwa na yeyote. Hata jina la Viking lenyewe halikuwa la kabila. Lilimtaja mtu aliyekwenda kupora kwa mashua, kama sisi tunavyosema haramia. Ardhi na maji vimetunza ushahidi mwingine. Mwaka 1962, huko Skuldelev nchini Denmark, vilifukuliwa vyombo vitano vilivyozamishwa makusudi katika karne ya 11 ili kuziba njia ya maji. Viwili vilikuwa vya vita. Vitatu vilikuwa vya mizigo na uvuvi. Katika kisiwa cha Gotland, mwaka 1999, ilifukuliwa hazina ya Spillings yenye sarafu za fedha zaidi ya 14,000, nyingi zikiwa dirhamu za nchi za Kiislamu. Tena, maneno ya Kiingereza ya yai, kisu na dirisha yametoka katika lugha ya watu hawa. Mvamizi anayekuja asubuhi na kuondoka jioni hamwachii mtu neno la yai. Neno kama hilo huachwa na jirani, na mara nyingi na mke au mama mkwe.

Ushahidi wa namna hiyohiyo uko mkoani Mara, na ajabu ni kwamba tunauongea kila siku. Kijita na Kikwaya, lugha za ukingo wa Musoma na Majita, zina undugu wa karibu zaidi na Kikara cha kisiwani Ukara kuliko na Kizanaki, ambacho wasemaji wake wanaishi mwendo wa siku moja kwa miguu kutoka ufukweni. Ukiitazama ramani kwa macho ya mtu wa nchi kavu, jambo hili halieleweki. Ukiitazama kwa macho ya mpiga kasia, linaeleweka mara moja: maji yalikuwa barabara. Familia zilivuka na mbegu, watoto na matambiko yao. Majembe ya chuma ya Wazinza yalizunguka visiwani na mwambao, yakibadilishwa kwa vyakula na mifugo. Chombo cha safari hizo kilikuwa mtumbwi wa mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea juu ya mkuku wa gogo moja, bila msumari hata mmoja. Ni ufundi unaomkumbusha mtu wa pwani mtepe wa Lamu. Mafundi wa Waviking walipandisha ubao juu ya ubao na kuufunga kwa misumari ya chuma. Wa kwetu walitoboa na kushona. Kazi zote mbili zinastahili heshima ileile.

Kwa nini basi, katika vitabu, ziwa hili la karne ya 19 linaonekana kama uwanja wa vita? Kwa sababu walioandika walikuwa na hadhira yao. Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa mwaka 1875, akapita Majita na Ururi, lakini kurasa zake zenye moto ni za mapambano ya kisiwa cha Bumbireh na za msafara wa Kabaka Mutesa wa Buganda dhidi ya visiwa vya Buvuma, ambako alikadiria mitumbwi ya vita zaidi ya 200. Kumbukumbu za Buganda nazo zilitunzwa ikulu, na ikulu hukumbuka ushindi. Mkwaya aliyetega samaki alionekana kwa mbali tu, kama vile mandhari.

Msomaji makini atanipinga hapa, na ana haki. Uvamizi ulikuwepo. Watu waliuawa, vijiji vilichomwa, na mateka, hasa wanawake na watoto, waliuzwa kwa wafanyabiashara waliotoka pwani. Kuusukuma pembeni ukatili huo ili tupate wahenga wapole ni uongo wa aina nyingine. Nakubali kabisa. Ila tazama ni nani hasa anayeuficha. Katika Valhalla mchezaji huvamia monasteri na kurudi na mali ya kujengea kijiji chake. Akiua raia wasio na silaha, mchezo humwonya kisha humkatisha. Mateka hawamo katika ngawira, ilhali Waviking wa kweli walifanya biashara kubwa ya watumwa na Dublin ilikuwa soko lao. Kwa hiyo ni masimulizi ya uvamizi wa kishujaa yanayosafisha damu. Masimulizi yanayoanzia mwaloni, kwa wavuvi na wavushaji, hayawezi kuisafisha, maana yanamfahamu aliyechukuliwa kwa jina na kwa ukoo. Wavuvi wa leo katika ziwa hili, wanaoporwa injini na nyavu usiku, wana neno moja tu kwa wanaowapora, nalo si shujaa.

Pingamizi la pili ni kwamba mchezo usio na vita hauchezwi. Ubisoft wenyewe walilijibu. Mwaka 2021 walitoa Discovery Tour: Viking Age, ziara isiyo na mapigano ndani ya ulimwengu uleule, ambamo mtu huwa mfanyabiashara au mtawa. Na sisi tunalo jibu la zamani zaidi. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe masimulizi marefu ya maisha ya kisiwa chake kabla ya ukoloni, akayatafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 yakachapishwa kama Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kinachoisukuma hadithi hiyo si msafara wa vita. Mke amechukuliwa na wazazi wake kwa sababu ndoa haijapata mtoto, na mume, ili arudishiwe, ametozwa pombe ya ndizi na wakwe. Hana ndizi za kutosha, hana msaada wa kutosha, na kila siku inayopita nyumba yake ni baridi. Inabidi aombe, akusanye, akamue, asubiri pombe iive, kisha atafute wa kumsaidia kuibeba hadi ukweni.