Debe Letu: Lilitoka Wapi, na Linachukua Kiasi Gani?

Leo tunazungumza nanyi habari za debe. Mkulima wa Itaka, kule Mbozi katika Mkoa wa Songwe, akishavuna mahindi yake na kuyapukuchua, mara nyingi debe ndilo linaloamua atapata shilingi ngapi. Basi ni vizuri alijue.

Zamani, hasa huko pwani, nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi. Vibaba vinne vilifanya pishi moja. Ndiyo maana wazee husema haba na haba hujaza kibaba. Lakini pishi ya mji huu haikulingana sawasawa na pishi ya mji ule.

Debe lilikuja baadaye, wala halikuja kama kipimo. Mwishoni mwa karne ya 19 mafuta ya taa yaliletwa Afrika Mashariki kwa meli, yakiwa ndani ya makopo ya bati yenye pembe nne. Kila kopo lilichukua karibu galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18 hivi. Mafuta yalipokwisha, kopo halikutupwa. Akina mama walitekea maji, mafundi walilikunjua wakaezekea nyumba, na wenye maduka wakapimia nafaka. Kwa kuwa makopo hayo yalikaribiana sana kwa ukubwa, watu waliyaamini. Jina lenyewe, debe, lina asili ya Kihindi.

Siku hizi ndoo ya plastiki ya lita 20 nayo huitwa debe. Hapo, ndugu mkulima, fungua macho! Ndoo 9 za lita 20 ni sawa na madebe 10 ya lita 18. Jina ni moja, mzigo ni mbalimbali.

Je, utajuaje debe linachukua kiasi gani? Chukua futikamba, upime kwa ndani. Tuseme upana ni sentimeta 23, upande wa pili 23, na kina 34. Zidisha 23 kwa 23, halafu kwa 34. Utapata 17,986. Gawanya kwa 1,000: ni lita 18. Lakini debe likigongwa mbavu likatanuka sentimeta moja tu kila upande, likawa 24 kwa 24, litachukua zaidi ya lita 19 na nusu.

Sasa tazama kile kilima cha juu. Kikiwa na kimo cha sentimeta 6, zidisha 23 kwa 23 kwa 6, kisha gawanya kwa 3, maana kilima chenye ncha ni theluthi moja ya sanduku. Ni lita 1 hivi. Waona ni kidogo? Ukiuza madebe 18 yenye kilima, umetoa debe zima bure. Na lumbesa ya gunia ni mchezo ule ule.

Sheria ya Vipimo ilitungwa mwaka 1982, na Wakala wa Vipimo ulianzishwa mwaka 2002 kusimamia vipimo katika biashara. Debe hupima nafasi, halipimi uzito. Mahindi mabichi na makavu hujaza debe lile lile. Kwa hiyo uzeni kwa kilo, kwenye mizani iliyokaguliwa. Pasipo mizani, pimeni debe kwanza, kisha pitisheni fimbo iliyonyooka juu ya mdomo wake.