Waya wa simu, modemu na nywila: mambo ya ADSL yalitoka wapi?

Kuna swali ambalo nimeulizwa mara nyingi na watu waliowahi kuunganisha tarakilishi ya nyumbani kwa ADSL: mbona mambo yalikuwa mengi hivyo? Kichujio cha simu, jina la mtumiaji, nywila, na ukimaliza yote hayo, ukurasa mmoja unafunguka na mwingine unagoma. Kazi yangu ni kuandika programu, na mimi hupenda kujua kitu kimetoka wapi kabla ya kukilaumu. Haya, tuanze.

Sauti ya mtu kwenye simu ya mezani hutumia sehemu ndogo tu ya waya wa shaba, chini ya kilohezi 4. Modemu za kupiga simu zilijibana humo humo, ndiyo sababu zilikomea kilobiti 56 kwa sekunde, na zikiwa kazini hakuna mtu mwingine nyumbani angeweza kupiga simu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mhandisi Joseph Lechleider wa Bellcore, Marekani, alitambua kwamba nyaya zilizofungwa pamoja huingiliana sana zikibeba data kwa kasi sawa pande zote mbili. Akapendekeza njia ya kuja nyumbani iwe pana na ya kutoka iwe nyembamba. Hiyo ndiyo herufi A katika ADSL. Wakati huo lengo kubwa lilikuwa kupeleka video majumbani, si intaneti.

Mwaka 1993 mbinu kadhaa zilishindanishwa, na ile ya John Cioffi wa Stanford na wenzake ikashinda. Mbinu hiyo hugawa waya kuwa vijia 256, kila kimoja kilohezi 4.3125. Modemu hupima kila kijia. Chenye kelele nyingi hupewa biti chache au huachwa kabisa. Kwa hiyo ile taa iliyometameta kabla ya kutulia haikuwa pambo. Modemu ilikuwa inapima waya wako. Nacho kichujio kilizuia masafa ya juu yasiingie kwenye simu na kuleta mlio.

Na nywila je? Kampuni za intaneti zilikuwa zimezoea wateja wa kupiga simu: mtu anaingia kwa jina na nywila, anapewa anwani, anahesabiwa. Hazikutaka kutupa mfumo huo. Februari 1999 ukachapishwa mtindo wa PPPoE, yaani mazungumzo yale yale ya zamani yakifungwa ndani ya Etheneti. Gharama yake ni baiti 8 katika kila furushi, hivyo nafasi ikashuka kutoka 1500 hadi 1492. Furushi kubwa likikataliwa njiani na taarifa ya kukataliwa ikazuiwa na seva iliyowekewa ulinzi vibaya, ukurasa haufunguki. Huo ndio ule mgomo!

Jambo zito zaidi lilikuwa usalama. Ukichomeka tarakilishi moja kwa moja kwenye modemu, inapata anwani ya umma na dunia nzima inaweza kuibishia hodi. Agosti 2003 kirusi cha Blaster kiliingia kwenye Windows XP na 2000 bila mwenye mashine kubofya chochote. Kuwa mtandaoni bila kiraka kilichotolewa mwezi mmoja kabla kulitosha. Wengi waliona mashine ikihesabu sekunde 60 kisha inajizima. Agosti 2004 Microsoft ikatoa SP2 iliyowasha ngome ya ulinzi yenyewe. Waliokuwa na ruta katikati walinusurika zaidi, kwa kuwa ruta hugawa anwani za ndani na kutupa hodi zisizotarajiwa.

Hapa kwetu Kenya ADSL ilifika, lakini haikutia mizizi. Simu za mezani zilikuwa chache, na wezi wa nyaya za shaba hawakulala. Tena hata waya wako ukiwa mzuri, safari ya kwenda ng'ambo ilipita kwenye setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu, kwa hiyo kwenda na kurudi kulizidi nusu sekunde. Kebo za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka 2009, hesabu ilibadilika. Wakenya wengi wakaruka shaba na kwenda moja kwa moja kwenye modemu za simu za mkononi, kisha faiba.

Lakini usidhani historia hiyo imezikwa. Baadhi ya kampuni za faiba duniani bado hutumia PPPoE. Na kile kisanduku chenye taa ukutani kwako ndicho mlinzi wa geti. Kama nywila yake ya kiwandani haijabadilishwa, ibadilishe leo, kisha usasishe programu yake. Geti lisilofungwa halina maana hata likiwa la chuma.