Gare ya Kalemie: Reli, Ziwa na Taifa la Mungu



Katika kitabu hiki cha Yubilei wengine wanaeleza habari za misioni, za shule na za makatekista. Sisi tumepewa kazi ya kueleza habari za gare. Pengine msomaji atauliza: reli ina uhusiano gani na sikukuu ya Kanisa? Jibu letu ni fupi. Pasipo gare, wengi kati yetu wasingezaliwa katika mji huu.

1. Kabla ya reli

Injili haikuja kwetu kwa treni. Mapadri Weupe waliondoka Bagamoyo mwaka 1878 kwa miguu, wakavuka ziwa kwa mitumbwi, na mwaka 1885 wakapokea Mpala. Siku zile mizigo yote ilibebwa kichwani na mabegani mwa watu. Imani yetu basi ni kubwa kwa umri kuliko reli.

2. Kazi ya kujenga

Mwaka 1902 baron Édouard Empain aliunda kompani ya CFL, ili kuunganisha mto Lualaba na Maziwa Makubwa. Mahali penye maporomoko ya maji walitandika reli. Mahali panapopitika walitumia mashua. Sehemu ya Stanleyville mpaka Ponthierville ilifunguliwa mwaka 1906. Ikafuata ile ya Kindu mpaka Kongolo. Mwisho ilikuja ya Kabalo mpaka ziwani, kilometa 273, ikifuata bonde la Lukuga kwa njia ya Nyunzu na Niemba. Ilifika hapa, mji ukiitwa Albertville, mwaka 1915.

Nani walichimba udongo na kubeba vyuma? Mwaka 1906 Bula Matari ilitoa dekreti ya kuandikisha watu kwa lazima, kwa muda wa miaka mitano, kwa kazi za namna hii. Wazee wetu hawakuombwa, walichukuliwa. Majina ya wakubwa wa kompani yameandikwa katika vitabu. Majina ya wale waliolala kandokando ya njia, Mungu peke yake anayajua.

3. Gare na vita

Ng'ambo ya ziwa, Wadachi walikuwa wamefikisha reli yao Kigoma mwaka 1914. Mwezi wa nane mwaka ule ule, meli yao Hedwig von Wissmann ilikuja kushambulia meli ya Wabelgiji Alexandre Delcommune, hapa Lukuga. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou. Zilitoka kusini kwa nchi kavu na kwa mto, na toka Kabalo zikapakiwa juu ya treni mpaka kwetu. Tarehe 26 Desemba ziliteka meli Kingani, na mwezi wa pili 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa.

Hivyo treni yetu ilianza kwa kubeba silaha. Na mahali pasipo reli, katika vita ile, walibeba wapagazi Wakongomani zaidi ya laki mbili. Wengi hawakurudi.

4. Gare na mji

Baada ya vita, Wabelgiji na Waingereza walipatana mwaka 1921, na Wabelgiji wakapewa nafasi katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranka moja kwa mwaka. Tangu hapo mizigo ya Katanga iliweza kushuka kwetu, kuvuka ziwa, na kufika Bahari ya Hindi. Mwaka 1956 njia ya Kamina mpaka Kabalo ilimalizika, na reli ya CFL, iliyokuwa na upana wa meta moja, ilikuwa imekwisha kupanuliwa ilingane na ile ya Katanga.

Kwa ajili ya kazi hiyo walikuja Waluba, Watabwa na Wabembe, wakaishi pamoja na Waholoholo wenyeji. Katika kambi za wafanyakazi, jirani hakuchaguliwa kwa kabila. Walisemezana kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili wakafundishwa katekismo. Kile ambacho kompani ilikusanya kwa faida yake, Bwana alikigeuza kuwa taifa lake.

5. Majaribu

Reli iliteseka kila mara nchi ilipoteseka. Tarehe 8 Novemba 1960, karibu na Niemba, askari 9 wa Irlandi waliotumwa na ONU waliuawa. Vita ya 1998 mpaka 2003 iliwatenga watu wa Kalemie na wale wa Lubumbashi, kwa kuwa miji hiyo miwili ilikuwa mikononi mwa pande mbili zinazopigana. Kompani nayo ilibadili jina: SNCZ mwaka 1974, SNCC mwaka 1997. Wafanyakazi walibaki wale wale, na subira yao ni kubwa.

6. Neno la mwisho

Ndugu, kushukuru bila kukumbuka si kushukuru kamili. Katika Misa ya Yubilei tuwaombee waliojenga njia hii kwa jasho lisilolipwa sawasawa, wapagazi wasiorudi, na wote waliouawa kati ya Kabalo na ziwa. Na sisi tuliopokea ujirani wao, tusikubali mtu yeyote atugawanye tena kwa kabila. Gare ilitukutanisha, ubatizo umetufanya ndugu.

Tumsifu Yesu Kristu.