Lei gong teng: dawa ya jadi au dawa mpya?

Mara nyingi dawa za mitishamba za China husifiwa kuwa zimejaribiwa kwa karne nyingi. Historia ya lei gong teng, yaani mtambaazi wa mungu wa radi, inatutaka tuwe waangalifu. Wakulima wa kusini mwa China waliutumia mmea huu kuua wadudu mashambani, kwani una sumu. Matumizi yake hospitalini yalienea katika miaka ya 1960 na 1970, kwanza kwa wagonjwa wa baridi yabisi na ukoma, kisha wa lupusi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Madaktari waliondoa ganda la mizizi lenye sumu kali, na baadaye vikatengenezwa vidonge. Dawa ilituliza uvimbe, lakini katika miaka ya 1980 watafiti walibaini kuwa hupunguza mbegu za kiume. Baadhi ya wanawake nao walikoma kupata hedhi. Takribani wagonjwa 9 kati ya 10 wa lupusi ni wanawake, wengi wao wa umri wa kuzaa. Kwa hiyo neno "jadi" pekee halithibitishi usalama. Tuulize kwanza: ilitumiwa na nani, kwa ugonjwa gani na kwa kipimo gani?